Gobore la Busisi



Hivi karibuni nilivuka Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo kwenda Busisi, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu sikuvuka kwa pantoni. Daraja jipya lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lilinipitisha juu ya maji kwa dakika chache, mahali ambapo zamani tulikuwa tukisubiri zamu hata jua likatuchwea. Vijana niliofuatana nao walilisifu daraja, na kweli lastahili sifa. Lakini mimi nilikuwa nikitafuta kwa macho mwembe mmoja upande wa kijijini. Chini ya mwembe huo, mwaka 1984, nilikaribia kumwua mtoto wa watu.

Habari hii nimekaa nayo zaidi ya miaka 40, nikiwasimulia wachache tu. Leo nakusimulia wewe, kwani umri umekwenda, na mwenye somo akalificha ataulizwa.

Nilikuwa kijana wa miaka 24, nimetoka pwani, nimekwenda kusomesha chuo cha Qur-ani huko Busisi. Tangu utotoni mikono yangu ilikuwa haitulii. Saa ya ukutani ya marehemu baba niliifungua nikaifunga mara nyingi, na makufuli ya mtaa mzima yalikuwa yakiletwa kwangu. Watu wakinisifu, na sifa, ewe ndugu yangu, ni asali yenye mwiba ndani.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kisukuma, mtu mwema, aliyenipokea kama mwanawe. Kila asubuhi tukisalimiana "Mwangaluka," kisha huniita, "Maalim, njoo unywe uji." Shamba lake la mihogo lilikuwa karibu na ziwa, na viboko walikuwa wakipanda usiku kulila na kulikanyaga. Siku moja akanitolea gunia kuukuu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya magobore mawili: moja lake, ambalo kitako chake kililiwa na mchwa, na jingine la ndugu yake aliyefariki, mtambo wake umevunjika. Akaniambia, "Maalim, wewe mwenye kutengeneza saa, huwezi kunifanyia moja zima katika haya mawili?"

Kwa msomaji asiyelijua, gobore ni bunduki ya kushindilia. Baruti na risasi hutiwa kwa mdomoni, hushindiliwa kwa mdeki, kisha fataki hutiwa nyuma ili kuiwasha. Bunduki za namna hii na gumegume zilifika Unyamwezi na Usukuma kwa misafara iliyokuwa ikitoka kwetu pwani katika karne ya 19. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na askari wengi waliokuwa wakizitumia. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yakapatana huko Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini zile za kushindilia hayakuzifungia mlango kabisa. Kwa hiyo zikabaki katika mikono ya watu, baba akimwachia mwana, na mhunzi wa kijiji akizitia viraka.

Hata maneno yenyewe ni mgeni wetu wa siku nyingi. Asili ya bunduki ni neno la Kiarabu bunduk, ambalo ni jina la kokwa ndogo ya duara, kisha likawa jina la kidonge cha udongo cha kupigia ndege. Na risasi ni ile madini laini na nzito ijulikanayo.

Nami sikumwuliza mzee swali la kwanza ambalo ningalipaswa kumwuliza: "Kibali kiko wapi?" Kibali cha silaha ni cha mtu, hakirithiwi kama mkeka, na kuunda au kutengeneza silaha bila ruhusa ni kosa. Hayo yalikuwamo katika sheria wakati ule, na yamo leo katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini mimi niliona vyuma, nafsi ikapenda, nikasema, "Nipe siku kumi."

Nilikwenda kwa mhunzi mmoja, mzee wa Kirongo. Warongo ni mafundi wa chuma tangu zamani katika nchi ile ya Geita na Sengerema, na majembe yao yalikuwa yakilima Usukuma kabla ya majembe ya dukani. Alinitazama, akatazama vyuma, akasema neno moja tu: "Mwalimu, kabla ya lolote, tia mdeki katika mtutu. Usipofika mwisho, jua mna kitu ndani. Na usipojua, usiguse." Nikamwitikia, "Naam, baba," kama watu wanavyoitikia jambo ambalo hawakulisikia.

Siku zile mzee aliniuliza pia, "Nyama iliyouawa kwa bunduki ni halali?" Hapo nilifurahi, maana ndipo mahali pangu. Nikamweleza hadithi ya Adiy bin Hatim, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kuhusu fimbo ya kuwindia: kilichochomwa kwa ncha huliwa, na kilichopigwa kwa ubavu wake hakiliwi. Nikamweleza kuwa wanavyuoni wetu wa Kishafii wameihesabu risasi kuwa huua kwa kishindo, basi mnyama haliwi mpaka umdiriki yu hai umchinje, na kwamba wako wanavyuoni wa Kimaliki walioruhusu kwa kuwa risasi hutoboa. Nilisema kwa ufasaha, na mzee akastaajabu kwa elimu yangu. Angalia basi, ndugu msomaji: niliijua hukumu ya nyama, na hukumu ya mwanadamu aliye mbele ya mtutu nikaisahau.

Siku ya kumi na moja, baada ya Alasiri, kazi ilikamilika. Mtambo wa bunduki ya mzee ulikaa katika mtutu wa bunduki ya marehemu, na kitako nilikichonga mwenyewe. Kiling'aa kwa mafuta. Nilikaa chini ya mwembe, na wanafunzi wangu wakanizunguka. Nilitaka kuwasikilizisha mlio wa fataki peke yake. Sikutia baruti, wala sikutia risasi, kwa hiyo nilijua kuwa bunduki ni tupu. Na mdeki? Mdeki ulikuwa mkononi mwa mmoja wa watoto, akiuchezea.

Nikapandisha mtambo. Mtoto mmoja wa miaka 10 aliinama mbele ili aone ndani ya mtutu. Mwenzake akamwita, "Nipishe nami nione!" Akageuza kichwa. Nami nikafyatua.

Marehemu alikuwa ameiacha imeshindiliwa. Hajulikani aliishindilia mwaka gani. Baruti ile ilikaa gizani miaka yote, ikingoja mpumbavu mmoja mwenye fataki. Risasi ilipita upande wa kichwa cha mtoto, ikatoboa ukuta wa udongo wa chuo changu. Mtoto alianguka, shavu limeungua, na sikio la kushoto likitoka damu. Nilidhani amekufa. Nilipomsikia analia, nilisujudu pale pale vumbini.

Mtume (s.a.w.) ametukataza kumwelekezea ndugu yetu silaha, na akatueleza sababu: mtu hajui, huenda shetani akauponyoa mkono wake, akatumbukia Motoni. Hadithi hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu nina miaka 15.

Usiku ule mzee akanishauri kwa huruma, "Maalim, tuseme ilikuwa fataki tu, watoto walichezea." Nakiri mbele yako kuwa shauri lile lilinipendeza kwa muda wa kwenda kutia udhu na kurudi. Baada ya Isha nilikwenda kwa baba wa mtoto, nikamwambia kila kitu kama kilivyokuwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Maalim, mwanangu nilikuletea ajifunze kusoma. Kesho utamfundisha nini?" Nikamjibu, "Nitamfundisha kuwa mwalimu wake amekosa." Hakusema zaidi. Lakini mtoto alipopona, alimrudisha chuoni kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya pili yake, mimi na mzee tulilibeba gobore tukalisalimisha polisi. Nilihojiwa, nikaandikwa, nikaonywa vikali. Nilistahili zaidi ya hayo. Fidia ya sikio la mtoto niliilipa kidogo kidogo kwa miaka 3, na sehemu iliyobaki baba yake akanisamehe. Sheria ya Mwenyezi Mungu haikuliacha kosa la bahati mbaya likapita bure: aliyeua kwa kukosea ana diya na kafara, na aliyejeruhi ana fidia. Kusema "sikukusudia" humwondolea mtu dhambi ya kukusudia, lakini hakumrudishii mwenziwe sikio.

Ndugu msomaji, huenda ukasema, "Mimi niko mjini pwani, gobore na mimi wapi na wapi?" Sikiliza. Siku ya Idi watoto wetu hununuliwa bastola za fataki, wakaelekezeana usoni, nasi tukacheka. Mkono unaozoea mzaha hautajua siku ya kweli imefika. Na katika masanduku ya wazee waliotutangulia huenda mna kitu kimefungwa kwa kitambaa. Ukikikuta, usikifungue kwa ushujaa, wala usimwite kijana mwenye mikono myepesi kama yangu. Waite wenye dhamana. Serikali imetoa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2022, na anayesalimisha katika vipindi hivyo hashitakiwi kwa kuwa nayo.

Sikatazi ufundi. Nabii Daudi (a.s.) alilainishiwa chuma na Mola wake, akafundishwa kutengeneza deraya za kuwahifadhi watu. Lakini fundi wa kweli ni yule aulizaye kwanza: kitu hiki ni cha nani, nimeruhusiwa na nani, na ndani yake mna nini?

Safari hii nilimkuta yule mtoto. Sasa ni mtu mzima aliyepindukia miaka 50, ana wajukuu. Alinishika mkono kwa furaha, nami nilipoanza kusema alifanya kama alivyokuwa akifanya darasani: aligeuza kichwa, akaniletea sikio la kulia. "Sema, Maalim," akaniambia, "upande huu nakusikia."

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na shari ya mikono yetu na shari ya kujiona tunajua. Amin.

Wabillahi tawfiq.