Picha ya Mhubiri Sebuleni

Ukitoka Kanisa la Azania Front, karibu na bandari ya Dar es Salaam, ukapita Mnazi Mmoja na kuifuata Barabara ya Uhuru, utaingia Kariakoo. Jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Siku hizi akina mama tunafika huku kutafuta vitenge, sufuria, na hata fremu na kalenda. Nyingine zina picha ya mhubiri, Biblia mkononi, nasi tunazitundika sebuleni.

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1740 Mwingereza George Whitefield alihubiri katika makoloni ya Uingereza huko Marekani, na uamsho mkubwa ukaenea. Picha zake zilichapwa na kuuzwa. Katika ile aliyoichora John Wollaston mnamo 1742, mhubiri ameinua mikono, na hata makengeza yake hayakufichwa. Mbele yake yupo mwanamke anayesikiliza, naye ameangaziwa nuru.

Kwetu Afrika Mashariki, uamsho ulianza kuvuma kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Uganda na Tanganyika. Mhubiri wake mmoja, Festo Kivengere wa Uganda, alifundisha shule Dodoma, na mwaka 1960 alimtafsiria Billy Graham kwa Kiswahili mjini Moshi. Ndugu wa uamsho huo walitaka toba ionekane nyumbani: kilichoibwa kirudishwe, mume na mke waombane msamaha. Kivengere mwenyewe aliikimbia Uganda mwaka 1977, kisha akaandika kitabu juu ya kumpenda Idi Amin.

Mama mwenzetu, watoto wetu huitazama picha ya sebuleni kila siku. Wakisikia baba na mama wakigombana chini yake bila kupatana, watamwona mhubiri kuwa pambo tu. Tusipowaeleza, wanaweza hata kudhani kwamba picha ndiyo inayoilinda nyumba.

Hatusemi tuzishushe. Ila kabla ya kumlipa fundi wa fremu, tujue mtu huyo alihubiri nini na aliishi vipi. Tuwasimulie watoto, tukiwaambia kwamba naye alikuwa binadamu aliyehitaji neema. Na siku tukikosana, tusione haya kuombana msamaha mbele yao. Jioni ya leo someni pamoja Waebrania 13:7.