Kelele za Wavuvi wa Auckland

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Basi, msomaji mpendwa, siku ukijaliwa kufika Auckland, New Zealand, usimtajie methali hiyo mtu aliyeshika mshipi. Atakucheka.

Panda feri mjini, uvuke bandari ya Waitemata hadi Devonport, safari ya dakika 12 hivi. Ukitazama mashariki utauona Rangitoto, kisiwa cha volkeno kilichochomoza baharini yapata miaka 600 iliyopita, na nyuma yake Ghuba ya Hauraki. Fika gatini jioni ya Desemba, ambayo kwao ni majira ya joto, uone jinsi watu wa kila namna wanavyotupa ndoana: karani aliyetoka kazini, bibi na wajukuu wake, vijana wenye redio. Kuvua baharini kwa ajili ya kitoweo hakuhitaji leseni. Lakini ole wako ukiuza hata samaki mmoja! Hiyo ni kazi ya wenye vibali vya biashara.

Anayewindwa hapo ni snapper, ambaye Wamaori humwita tamure. Rangi yake ni ya waridi yenye vidoa vya samawati, na umbo lake litakukumbusha changu wa Pwani yetu. Usimdharau samaki huyu, kwani mwaka wa 2013 nusura aikoseshe serikali usingizi.

Kisa kilikuwa hivi. Kila mvuvi wa mshipi katika pwani hiyo aliruhusiwa samaki 9 kwa siku. Wataalamu walikuwa wamesema kwamba snapper wamepungua chini ya kiwango kinachotakikana, na makadirio yakaonyesha wavuvi wa starehe wanavua kupita fungu walilotengewa. Wizara ikatoa mapendekezo, na mojawapo lilikuwa kushusha 9 hadi 3.

Lahaula! Watu waliwaka. Waliuliza: mbona mwenye ndoana moja afunge mkanda, ilhali wenye meli wana tani zao 4,500 kila mwaka? Kundi moja liitwalo LegaSea, lililoanzishwa mwaka wa 2012, likawahimiza wananchi waandike. Nao wakaandika. Maoni zaidi ya 47,000 yakamiminika wizarani, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni nne na nusu, na uchaguzi mkuu ulikuwa mwaka uliofuata. Mwanasiasa gani asingekuna kichwa?

Septemba hiyo hiyo Waziri Nathan Guy akatangaza uamuzi: samaki 7, kuanzia tarehe 1 Aprili 2014. Urefu wa chini ukapandishwa kutoka sentimita 27 hadi 30. Upande wa wavuvi wa starehe na wa mila ukaongezewa tani 500. Meli za biashara zikabaki na tani zile zile 4,500.

Je, kelele zilisaidia? Kwa maoni yangu zilisaidia, ingawa si kwa kiasi ambacho wengine hujisifu. Ile 3 iliuawa na barua, hakuna ubishi. Lakini hebu tazama tena hesabu. Malalamiko makubwa yalikuwa juu ya mgao, kwamba mwenye meli anapewa mnofu na mwananchi mifupa, na huko hakukuguswa hata kilo moja. Zile tani 500 hazikutoka kwa tajiri yeyote. Zilitoka baharini, kwa samaki wale wale waliosemekana kupungua, ambao hawakuwa na mtu wa kuwaandikia barua.

Hata ile sheria ya sentimita 30 ina utata wake. Samaki wa sentimita 28 aliyevutwa kutoka kina kirefu hutupwa tena majini, na si wote wanaopona.

Hata hivyo siwalaumu. Mtu aliyezoea kuwapeleka watoto gatini kila Jumamosi hawezi kukaa kimya akisubiri takwimu zikamilike.

Wewe ukienda, soma kwanza ubao wa matangazo, maana viwango hubadilishwa. Chukua rula pia. Snapper hupimwa kuanzia ncha ya pua hadi kwenye panda ya mkia, wala si hadi mwisho wa mkia, na hapo ndipo wageni wengi hujidanganya.