Barua kutoka Minnesota: Oili, Kulanti na Kitabu cha Gari

Minneapolis, Minnesota



Miongoni mwa stadi ambazo mhamiaji kutoka Afrika Mashariki hulazimika kujifunza mapema katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, kulifanyia gari servisi kwa mikono yake mwenyewe ni stadi isiyotajwa sana katika barua za kwenda nyumbani, ingawa aghalabu ndiyo inayoamua kama mtu atafika kazini au hatafika. Katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park na Brooklyn Center, ambako Wakenya wengi wameweka maskani, mabasi ya usiku ni machache, na wanaofanya kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee huingia na kutoka zamu saa ambazo basi haliwafai, hivyo gari huwa ni sehemu ya kazi yenyewe. Gereji nazo mara nyingi hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya fundi, kabla ya kuhesabu bei ya spea. Ndiyo maana mtu ambaye angekuwa Nairobi angempigia simu fundi wake wa Grogan, au angekuwa Dar es Salaam angelipeleka gari Gerezani, hujikuta amelala chini ya gari lake mwenyewe akiwa na spana mkononi.

Ugumu wa kazi hiyo hauko pale wengi wanapoudhania. Kufungua bolti na kuirudisha ni jambo ambalo mtu mvumilivu hulimudu kwa siku moja, lakini kusimama mbele ya rafu ndefu za duka la spea, zilizojaa makopo ya rangi na namba za kila aina, na kujua ni kopo lipi linalolifaa gari lililoegeshwa nje, ni jambo linalohitaji elimu. Nyumbani uteuzi huo hufanywa na fundi, na mwenye gari humwamini kwa sababu anamjua. Ughaibuni, fundi akishaondolewa, mwenye gari hana pa kuegemea isipokuwa maandishi, yaani kitabu cha mwongozo, kifuniko cha injini na lebo ya kopo. Servisi ya kujifanyia, kwa maana hiyo, ni kazi ya kusoma kabla haijawa kazi ya mikono, na usomaji huo unalifaa gari la Mombasa au Morogoro sawasawa na la Minneapolis.

Kimiminika cha kwanza kuchaguliwa ni oili ya injini, na sifa yake kuu ni mnato, yaani kiasi ambacho kimiminika hukataa kutiririka. Utaratibu wa kugawa oili kwa mnato uliwekwa mwaka 1911 na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi SAE, na umekuwa ukirekebishwa tangu wakati huo. Maandishi kama 0W-20 yana vipimo viwili ndani yake: tarakimu iliyo kabla ya herufi W, herufi inayowakilisha majira ya baridi, huonyesha tabia ya oili injini inapowashwa ikiwa baridi, na tarakimu ya mwisho huonyesha mnato wake injini ikishapata moto, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Oili ya 0W hupimwa kama inairuhusu krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, kuzunguka kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, ya 5W kwenye nyuzi 30, ya 10W kwenye 25, ya 15W kwenye 20, na ya 20W kwenye 15 tu. Mwishoni mwa Januari 2019 kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Asubuhi kama hiyo, oili ya 20W-50, ambayo madereva wengi wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri, ingekuwa imeshikana kama uji wa ulezi uliolala, stata ingelemewa, na hata kama injini ingewaka, vyuma vya juu vingesagana kwa muda kabla oili haijavifikia.

Kutokana na hali hiyo, wengi huhitimisha kwamba oili nyepesi ni ya nchi za baridi na oili nzito ni ya nchi za joto, lakini hitimisho hilo lina ukweli nusu. Ndani ya injini kuna thamostati, yaani mlango mdogo unaofunguka na kufunga kwa kufuata joto la maji, ambao kazi yake ni kuifanya injini ifanye kazi kwenye joto la takribani nyuzi 90, iwe nje kuna theluji au kuna jua la Tanga. Tarakimu ya kwanza, kwa hiyo, ndiyo inayofungamana moja kwa moja na hali ya hewa, ilhali ile ya pili hutegemea zaidi namna injini ilivyoundwa, hasa upana wa nafasi iliyopo kati ya beringi na krenki, ambayo oili inapaswa kuijaza bila kuikwamisha krenki. Ni kweli kwamba watengenezaji huruhusu oili nzito zaidi katika vitabu vya magari yanayouzwa nchi za joto, hasa kwa gari linalobeba mizigo mizito au kukimbia kasi kwa muda mrefu, lakini ruhusa hiyo hutolewa na kitabu cha gari husika kwa injini husika, wala haitokani na mazoea ya mtaa.

Baada ya mnato huja ubora, ambao Taasisi ya Petroli ya Marekani, yaani API, huuonyesha kwa herufi mbili. Kwa injini za petroli herufi ya kwanza ni S, na kadiri ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo daraja linavyokuwa jipya na kali zaidi. Daraja la SP, lililoanza kutumika mwaka 2020, liliongeza kinga ya mnyororo wa taimingi dhidi ya kulika, na kinga dhidi ya petroli kulipuka kabla ya wakati katika injini ndogo zenye tabochaja. Oili ya daraja jipya kwa kawaida hulifaa gari la zamani lililohitaji daraja la nyuma, mradi mnato ni uleule, lakini kinyume chake hakifai. Mtu anayesoma namba hizi mbili na herufi hizi mbili amekwishafanya sehemu kubwa ya uteuzi, na jina la kampuni lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kopo halimwongezei mengi.

Kimiminika cha pili ni kulanti, yaani mchanganyiko wa maji na glaikoli unaozunguka kati ya injini na rejeta. Ukichanganywa nusu kwa nusu, mchanganyiko huo hustahimili baridi hadi takribani nyuzi 37 chini ya sifuri, na jambo la kushangaza ni kwamba glaikoli tupu huganda mapema zaidi, kwenye takribani nyuzi 13 chini ya sifuri, kwa hiyo anayemimina kulanti nzito bila maji akidhani anaongeza kinga huwa anaipunguza. Huko Pwani hakuna baridi ya kupasua injini, na ndiyo sababu wengi hujaza rejeta maji ya bomba. Hata hivyo kulanti hupandisha pia kiwango cha mchemko, na hubeba dawa za kuzuia kutu, ilhali maji ya bomba huacha chumvichumvi zinazoziba mirija myembamba ya rejeta na kuila pampu ya maji. Rangi ya kulanti si kipimo cha aina yake, kwa kuwa watengenezaji hawana mkataba wa pamoja kuhusu rangi, na kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa na dawa tofauti kabisa. Glaikoli aina ya ethilini ni sumu yenye ladha tamu inayovutia watoto na wanyama, hivyo tone lililomwagika sakafuni hufutwa papo hapo.

Kimiminika cha breki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, ingawa ndicho chenye uhusiano wa karibu zaidi na uhai wa abiria. Kile cha daraja la DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri kinavyonyonya ndivyo kiwango chake cha mchemko kinavyoshuka: kwa masharti ya chini kabisa ya viwango vya Marekani, DOT 3 iliyo kavu huchemka kwenye nyuzi 205 na iliyolowa kwenye 140, na DOT 4 huchemka kwenye 230 ikiwa kavu na 155 ikiwa imelowa. Kikichemka ndani ya mabomba ya breki hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika, pedeli huzama hadi chini na gari lisisimame. Dereva wa tambarare za Minnesota anaweza asikutane na hatari hiyo, lakini anayeshuka mlima Kitonga kule Iringa huku mguu uko kwenye breki, katika gari lililokaa miaka kadhaa kwenye hewa ya unyevu ya Dar es Salaam bila kubadilishiwa kimiminika hicho, anakutana nayo ana kwa ana. DOT 5 hutengenezwa kwa silikoni, na licha ya kukaribiana jina na DOT 5.1, haichanganywi na hizo nyingine.

Giaboksi ndiyo sehemu inayoadhibu kosa la uteuzi kwa gharama kubwa zaidi. Giaboksi ya otomatiki ya kawaida hutumia oili iliyoandikwa kwa jina maalumu, kwa mfano WS kwa magari mengi ya Toyota, ilhali giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za hatua bali ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, huhitaji oili ya aina nyingine inayouwezesha mkanda huo kuzishika puli bila kuteleza. Magari madogo mengi yanayofika Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani yana CVT, na kuyatilia oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu tu zote ni za otomatiki ni njia fupi ya kuua giaboksi nzima.

Uteuzi ukishakamilika, kazi yenyewe hufuata mpangilio usio na siri. Gari huegeshwa mahali tambarare na magurudumu ya upande mwingine huzuiwa, kisha huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi za chuma, kwa maana jeki ni chombo cha kuinulia tu na hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikiliwa nayo peke yake. Oili humwagwa ikiwa vuguvugu ili ibebe uchafu, mpira wa filta mpya hupakwa oili kidogo, na mpira wa zamani huhakikishwa kuwa haukubaki umenata kwenye injini. Bolti hukazwa kwa spana ya toki, yaani spana inayoonyesha nguvu ya kukazia. Nati za magurudumu za Toyota Corolla, kwa mfano, huhitaji nguvu ya Nm 103, na baadhi ya injini zake za lita 1.8 huchukua takribani lita 4.2 za oili pamoja na filta. Katika servisi kamili hukaguliwa pia filta ya hewa, plagi, betri na breki pedi. Hapa Minnesota huongezwa ukaguzi wa uvungu, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula mabomba ya breki kwa kutu. Maduka kadhaa makubwa ya spea huazima vifaa maalumu kwa amana inayorudishwa, hivyo mgeni hahitaji kununua kila kitu.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya dhamana ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, humzuia mtengenezaji kukataa dhamana kwa sababu tu mwenye gari alijifanyia servisi au alitumia spea za kampuni nyingine, ila mwenye gari anashauriwa kuhifadhi risiti na kuandika tarehe na kilomita za kila servisi, maana palipo na mabishano, daftari ndilo shahidi. Oili chafu hairuhusiwi kumwagwa ardhini wala kutupwa kwenye taka za nyumbani. Hurudishwa katika kopo lililofungwa hadi kwenye maduka ya spea yanayoipokea bila malipo, mradi haikuchanganywa na kulanti au kimiminika cha breki. Wale waliozoea kuiona ikipakwa kwenye nguzo za ua ili kufukuza mchwa huuona utaratibu huu kama usumbufu, lakini oili iliyotumika hubeba madini mazito ambayo mvua huyashusha hadi kwenye visima.

Walio ughaibuni huulizwa mara nyingi na ndugu zao, kwa simu, ni oili gani nzuri ya kununua, na wengi hujibu kwa kutaja kopo wanalolitumia wao, jibu ambalo huonyesha upendo kuliko ujuzi. Gari lililotoka Japani mara nyingi hufika na kitabu cha Kijapani ambacho mwenyewe hawezi kukisoma, hata hivyo namba za mnato huandikwa kwa tarakimu za kawaida na herufi za Kilatini, na katika injini nyingi za karibuni zimechapishwa juu ya kifuniko cha kutilia oili, mahali ambapo kila mtu anaweza kuziona. Msaada wa kweli kutoka ng'ambo ni kuomba picha ya kifuniko hicho pamoja na kibati cha namba ya chesisi, kutafuta mwongozo unaolingana na injini hiyo, kisha kumtumia ndugu orodha ya mnato, daraja na ujazo wa kila kimiminika ili aipeleke kwa fundi wake. Fundi anayeheshimu kazi yake hataona orodha hiyo kama dharau, na yule atakayeitupa pembeni bila kuisoma atakuwa amemsaidia mwenye gari kujua kwamba anahitaji fundi mwingine.