Kinu Kinachojiendesha: Mnyambuliko wa Vitenzi katika Mchezo wa Mjukuu Wangu

Wanafunzi wangu wa zamani watalikumbuka swali nililokuwa nikiwauliza kila tulipofika kwenye mnyambuliko wa vitenzi: “Mtendaji yuko wapi?” Nikiandika ubaoni “Mkate umeokwa”, walijibu kwamba mtendaji hakutajwa lakini yupo, na ukitaka kumtaja, lugha imekuwekea nafasi yake: umeokwa na mama. Nikiandika “Mkate umeokeka”, mambo yalibadilika. Hapo tunaueleza mkate wenyewe, kwamba umekubali moto, umewiva. Mtendaji amekwishatolewa nje, na nafasi yake imezibwa. Nikifika kwenye “Kinajiendesha”, darasa lilicheka, kwa sababu kiambishi “ji” humfanya mtendaji na mtendwa kuwa kitu kimoja, na miaka ile vitu vya kujiendesha vilikuwa vichache mno machoni petu. Kijana mmoja alinipa mfano wa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikampa alama zake zote.

Sikutarajia kwamba baada ya kustaafu somo hilo lingenijia tena kwa njia ya simu ya mjukuu.

Mchezo wenyewe unaitwa Hay Day. Ulitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Helsinki, Ufini, na tangu hapo umechezwa na watu wengi duniani, wadogo kwa wakubwa. Unapewa shamba. Unapanda ngano, na baada ya dakika 2 ngano imekomaa. Unachukua ngano 2 na hindi 1, unavitia katika mtambo wa chakula cha mifugo, na mtambo unakutolea vifuko 3 vya chakula cha kuku. Kuku wakishakula, baada ya dakika 20 wanataga. Mayai na ngano huingia tanurini, maziwa huingia katika kiwanda cha siagi na jibini, miwa huingia katika kinu cha sukari. Kila kitokacho huku huingia kule, mpaka kigari kije kichukue mzigo kiupeleke mjini. Wanyama ni wa kupendeza: wana macho makubwa, hutikisa vichwa, na hufurahi ukiwapa chakula. Wakikosa chakula hawafi. Hununa tu, wakangojea.

Mjukuu wangu hucheza jioni barazani, kwetu Kiponda, baada ya magharibi. Nami hukaa karibu yake na miwani yangu, kwanza kwa udadisi, kisha, nikiri, kwa raha. Ipo raha katika kuona mambo yakifuatana kwa mpango. Sisi tuliolelewa kwa methali isemayo kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, tunaona ajabu ya pekee kwa kuku asiyekosa kutaga. Mvua haichelewi. Kanga haingii mpungani. Mwizi hapiti. Baada ya siku nzima ya mji wenye joto na kelele za pikipiki vichochoroni, moyo hutulia.

Na wacheza bao wa mtaani kwetu wataielewa raha hiyo bila ya kufafanuliwa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na utamu wake mkubwa ni pale mkono mmoja unapoanza kutakata, ukazaa mwingine, nao ukazaa mwingine, kete zikazunguka safu zote mbili za mchezaji kabla ya kulala. Watazamaji hunyamaza, kama wanaosikiliza saa. Tofauti ni kuwa katika bao mkono wa mtu hauondoki. Kila kete huangushwa na kidole, na kila mtu anauona mkono ule.

Katika Hay Day kuna pia nguruwe. Mjukuu wangu alipofika ngazi ya kuwajengea banda, aliacha. “Hao siwafugi, babu,” aliniambia, na kila kigari kinapotaka nyama yao yeye huifuta oda akangojea nyingine. Sikumfundisha mimi. Niliona tu kwamba mtoto anaweza kuingia katika shamba la watu wa Ufini na bado akachagua nini kiingie na nini kibaki nje ya ua wake.

Siku moja alipaza sauti kwa furaha: “Babu, sukari imejitengeneza!”

Mwalimu hastaafu moyoni. Nikamuuliza, “Nani kaitengeneza?”

“Kinu.”

“Na kinu nani anakiendesha?”

“Kinajiendesha, babu. Hakuna mtu.”

Kwa kanuni za sarufi hakukosea. Ndivyo kilivyo kinu kile kiooni: unakitia miwa, kinatikisika, kinatoa sukari. Hata hivyo sentensi yake ya mwisho, “hakuna mtu”, ilinikaa usiku kucha, kwa sababu neno “kinu” hapa Unguja lina historia yake, na historia hiyo imejaa watu.

Tuanze na neno lenyewe. Kinu ni cha mchi na nafaka, tunachokijua sote. Lakini wazee walikuwa pia na kinu cha kushindikia mafuta: gogo kubwa lililochongwa shimo, mti mrefu ndani yake, na ngamia aliyefungwa kwenye mti huo akizunguka. Ngamia wa vinu vya ufuta walikuwapo hapa mjini karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa bado wakipigwa picha za kadi za posta zilizouzwa kwa wageni. Desturi ya vinu vya namna hiyo ni kumfunga mnyama macho, asipatwe na kizunguzungu wala asijue kwamba hafiki popote. Huyo naye alikuwa mnyama wa kiwandani, na sidhani kwamba alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha.

Kitenzi “kushindika”, ambacho pia husemwa “kusindika”, kilikuwa ni cha kazi hiyo: kukamua mafuta ya ufuta au maji ya miwa. Leo tunakisikia katika hotuba za mawaziri na katika vibandiko vya pakiti: usindikaji wa vyakula, viwanda vya kusindika matunda. Ni neno lililotoka shingoni mwa ngamia likaingia ofisini. Vivyo hivyo “kiwanda” ni jamaa wa “uwanda”. Zamani kilikuwa ni kiwanja kidogo, mahali pa wazi pa kufanyia kazi ya mikono, ambapo mpita njia humwona fundi na fundi humwona mpita njia. Na “mtambo” lilikuwa jina la kile chombo cha ndani kinachofyatuka, cha mtego au cha bunduki, kabla ya kuwa jina la mashine yoyote. Kila moja ya maneno haya lilianza karibu na mwili wa mtu au wa mnyama, kisha likasogea mbali.

Sukari nayo ina kisa chake. Katika miaka ya 1860 Mwingereza aliyeitwa Fraser alikuwa na shamba la miwa na kiwanda cha sukari huko Kokotoni, kaskazini mwa kisiwa, ambako leo tunapaita Mkokotoni. Sheria ya nchi yake ilimkataza kumiliki mtumwa. Kwa hiyo aliandikiana mkataba na mabwana wenye watumwa, nao wakamletea watu wa kufanya kazi. Karatasini hakuwa na mtumwa hata mmoja; shambani walikuwa mamia. Jambo hilo lilizusha ugomvi mkubwa baina yake na ubalozi wa nchi yake mwenyewe. Tazama jinsi lugha ilivyotumika: miwa imekatwa, sukari imepikwa, kazi imekodiwa. Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa, na baada ya “na” pameachwa wazi. Utumwa haukuondolewa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897, na majina ya waliokata miwa ile sijapata kuyaona popote.

Baadaye, katika miaka ya 1970, Serikali ya Mapinduzi ilijengewa kiwanda cha sukari Mahonda kwa msaada wa China. Anayesafiri kwenda kaskazini hupita katikati ya mashamba ya miwa. Kiwanda ni cha mashine, lakini mashine ile inangojea mkata miwa, ambaye huamka alfajiri akajifunga vitambaa mikononi, kwa sababu jani la muwa hukata kama wembe. Na katika karafuu ni hivyo hivyo. Kule Pemba kipo kiwanda cha kutoa mafuta ya makonyo, na mtambo wake hautofautiani sana na ule wa kiooni: unatia huku, inatoka kule. Lakini kabla ya makonyo kufika pale, mtu amepanda mkarafuu, ameuchuma, na usiku jamaa nzima imekaa ukumbini kuchambua, karafuu huku na kikonyo kule, mpaka ncha za vidole zinakufa ganzi.

Nilimsimulia mjukuu wangu hayo kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, na sikukusudia kumharibia mchezo. Mwisho nikamsimulia habari za mama yangu, ambaye hakumdiriki. Mama alikuwa mtu wa shamba, upande wa kusini, na kazi yake ilikuwa usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa mchangani ufukweni, maji yakijaa na kupwa juu yake kwa miezi, mpaka yaoze nyama na zibaki nyuzi. Kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa gongo juu ya jiwe, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa, zikasokotwa kamba kwa viganja. Harufu yake haitoki katika nguo. Kwa kamba hizo nilinunuliwa sare ya skuli na daftari, na kwa kamba hizo nikafika Chuo cha Ualimu. Alipokuwa mzee, vidole vyake havikukunjuka tena sawasawa. Alikuwa akishika kikombe kwa viganja viwili, kama anayeomba dua.

Mjukuu alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: “Babu, na lau angepewa kinu cha kujiendesha cha kusokota kamba, angekataa?”

Wallahi asingekataa. Angesema alhamdulillah, akakaa kivulini. Nilimjibu hivyo hivyo. Taabu haina utukufu kwa kuwa ni taabu, na sisi wana wa waliotaabika hatuna haki ya kuisifu kwa niaba yao. Mama hakuniombea niwe msokota kamba hodari. Aliniombea nitoke katika kazi ile. Chombo kinachomwondolea mtu gongo mkononi ni neema, na mtu anayeona raha kuona kinu kikizunguka chenyewe anaona raha ambayo wengi waliomtangulia waliitamani.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonikaa moyoni usiku ule. “Kinajiendesha” halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa katika “hakuna mtu”. Kinu kinaweza kujiendesha baada ya mtu kukiunda, mwengine kukichorea, mwengine kupanda, mwengine kuvuna. Hata kinu cha kiooni kimeundwa na watu waliokaa chumbani Helsinki wakikihesabia sekunde zake. Kiambishi “ji” ni kifupi na chepesi, na kwa wepesi wake mtu anaweza kukitumia maisha yake yote bila ya kuuliza nani yuko nyuma yake. Kizazi kijacho kitakuwa na vitu vingi vya kujiendesha kuliko sisi. Sitaki kiwe na vitu hivyo bila ya lile swali.

Kwa hiyo tumeafikiana, mimi na yeye. Anaendelea kucheza. Kila kitu kinachotokea shambani mwake hukisema kwa Kiswahili, kwa kauli aipendayo, ila mwisho wa jioni lazima ataje watendaji watatu ambao mchezo haukuwaonyesha. Juzi alisema: siagi imetengenezeka, basi alikuwapo mkama ng'ombe, alikuwapo aliyekata majani, na alikuwapo aliyeamka usiku ng'ombe alipokuwa akizaa. Huyo wa tatu hata mimi nisingemfikiria. Na maneno kama kushindika, makonyo, makumbi na usumba, ambayo hakuwa nayo, sasa anayo, na huyatamka kwa majivuno kidogo mbele ya wenzake.

Waalimu wenzangu mnaosoma hapa, jaribuni zoezi hili darasani. Halitaki kitabu wala chaki. Nami, kwa kuwa ukumbi huu ni wa washairi, nawaachia beti mbili nilizomwandikia yeye. Mwenye la kuongeza na aongeze.

Mkate umeokeka, niambie muokaji,
Miwa imekamulika, yu wapi mkamuaji,
Ngamia anazunguka, hamuoni mchungaji,
Kazi haikutendeka, ila pana mtendaji.

Mjukuu shika haya, uyaweke na moyoni,
Cheza, raha si hizaya, ila kumbuka shambani,
Kuna waliotumiya, migongo yao juani,
Kazi haikutendeka, ila pana mtendaji.