Huruma Ikubali Kupimwa

Kwa zaidi ya miaka 30 majeruhi wengi wa kichwa walipewa dawa za steroidi ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Hatimaye jaribio lililoitwa CRASH likazipima: majeruhi 10,008 katika nchi 49 waligawanywa kwa kura, nusu wapewe dawa, nusu kimiminika kisicho na dawa. Mwaka 2004 jibu likaja. Ndani ya majuma mawili walifariki asilimia 21 ya waliopewa dawa, na asilimia 18 ya wasiopewa.

Nimeketi na familia nyingi wodini. Najua tunavyomsihi daktari afanye lolote. Lakini huruma isiyopimwa yaweza kuua. Ampendaye mgonjwa huthubutu kuuliza, na hulipokea jibu, hata likiwa chungu.