Kabla ya Kumlaumu Mtu, Ipime Mashine

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako mna kabati la jikoni ambalo mlango wake mmoja haufungi sawasawa. Kila siku unausukuma kwa goti, na kila ukiusukuma unamlaumu seremala aliyelitengeneza. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo nakuomba uiweke kando kwa dakika chache, kwani katika karakana ya mjomba wangu, huku Keko, Dar es Salaam, nimeshuhudia jinsi lawama ya namna hiyo ilivyokaribia kumpotezea kazi mtu asiye na hatia, na jinsi ukweli ulivyopatikana kwa rula ya chuma, penseli na uvumilivu.

Mjomba ni seremala wa siku nyingi, mtu wa randa, msumeno na patasi. Alipoona oda za makabati zinahamia kwa wenye mashine za kisasa, alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akanunua mashine kuukuu ya kuchonga mbao inayoendeshwa kwa kompyuta, ile ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu tu, CNC. Mashine hiyo ilitengenezwa Uingereza. Fremu yake ya chuma ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni ubongo wake. Akaletwa fundi wa umeme, akafunga mota mpya na kadi mpya ya kuiongoza, akalipwa ujira wake, akaenda zake.

Hapana budi nieleze kwa ufupi jinsi mashine ya namna hii inavyofanya kazi, kwani bila hivyo kisa hiki hakitaeleweka. Fikra ya kuiongoza mashine kwa tarakimu si ngeni. Mwaka 1952 chuo cha Massachusetts Institute of Technology, huko Marekani, kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga chuma iliyofuata maagizo yaliyotobolewa katika utepe wa karatasi. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa fikra za John Parsons. Utepe umekwisha zamani, lakini maagizo bado ni tarakimu. Katika mashine ya mjomba, mota huzunguka kwa hatua: hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na kifaa kinachoiendesha huigawa kila hatua mara 8, hivyo kuwa hatua ndogo 1,600. Mota huzungusha skurubu ndefu, na skurubu hiyo husukuma daraja linalobeba kisu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kompyuta ya mashine hii huhesabu hatua tu. Haina jicho la kuona kisu kimefika wapi. Mfano wake ni mtu aliyefungwa kitambaa usoni, akaambiwa atembee hatua mia moja mpaka kisimani. Ikiwa hatua zake ni ndefu kuliko zilivyodhaniwa, atakipita kisima, na bado ataapa kwamba amefika.

LAWAMA

Aliyekabidhiwa kuchora kazi na kuiendesha mashine ni binamu yangu, binti wa mjomba, aliyemaliza mafunzo ya ufundi stadi muda si mrefu. Oda ya kwanza ilikuwa milango 48 ya makabati ya jikoni. Siku ya kwanza milango yote ilitoka mikubwa. Fundi mkuu, mzee aliyekaa na mjomba zaidi ya miaka ishirini, alisema wazi kwamba binti hajui kuchora. Akaagizwa apunguze vipimo vya nje katika michoro yake, naye akatii.

Milango ikakaribia ukubwa uliotakiwa, lakini matatizo mengine yakajitokeza. Bawaba za kisasa zinazojificha ndani ya mlango huhitaji tundu lenye upana wa milimeta 35. Mashine ililichonga tundu hilo kwa kisu chembamba kinachozunguka duara, na tundu likatoka kubwa kwa zaidi ya nusu milimeta, bawaba ikawa inatikisika ndani yake. Kupunguza kingo za mlango hakukuwa kumeyagusa matundu. Tena, kazi ya asubuhi ilikuwa na nafuu kuliko kazi ya alasiri. Milango 14 ikaharibika.

Binti aliomba kazi isimame siku moja ili mashine ipimwe. Mzee fundi akamjibu mbele ya wenzake, "Mchagua jembe si mkulima." Watu wakacheka. Mjomba hakucheka, kwani marejesho ya mkopo yalikuwa yanakaribia. Lakini Jumamosi jioni aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba ameamua kutafuta mwendeshaji mwingine. Kumwondoa mwanawe mwenyewe kazini lilikuwa jambo zito kwake, na nililiona zito hilo usoni mwake.

Mimi si fundi. Lakini katika masomo ya uandishi wa habari tulifundishwa kwamba habari isiyosema nini, wapi, lini na kiasi gani bado ni uvumi. Nikatambua kwamba pale karakanani kila mtu alisema mashine inakosea, na hakuna aliyesema inakosea kiasi gani. Nikamwambia, "Mjomba, tupe kesho moja tu." Akakubali.

FUTI

Jumapili hiyo hatukukata ubao hata mmoja. Binamu yangu alikataa kuipima mashine kwa mbao, na sababu yake ni nzuri: mbao hunywa unyevu ikavimba, hukauka ikasinyaa, na kisu chenyewe hupinda kidogo kinapokata. Ukipima ubao umepima mambo manne kwa pamoja. Akaondoa kisu, akaweka mahali pake ncha kali ya chuma. Akafunga rula ya chuma ya mita moja juu ya meza, sambamba na mwendo wa daraja. Kisha akaiagiza mashine iende milimeta 100, halafu 300, halafu 600, halafu 900, siku zote ikitokea upande ule ule. Kazi yangu ilikuwa kuandika katika daftari.

Mzee fundi alikuwa amekuja vilevile, akasimama kando, mikono nyuma. Ilipoagizwa 300, aliuliza, "Imefika wapi?"

"Mia tatu na tano kasoro kidogo, mzee wangu," akajibu binti.

Akasogea, akavaa miwani. Rula ile ilikuwa na milimeta ukingo mmoja na inchi ukingo wa pili. Akaweka skwea, akauvusha mstari kutoka kwenye ncha mpaka upande wa inchi. Mstari uliangukia inchi ya 12 barabara.

"Hii ni futi," akasema. "Hebu ipeleke mia sita." Ikaenda futi mbili. Mia tisa ikaenda futi tatu, yaani yadi kamili. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akanyamaza kwa muda.

Hesabu yake ni hii, msomaji. Inchi moja ni milimeta 25.4. Skurubu ya mashine ile ya Kiingereza husukuma inchi moja kwa kila mizunguko mitano, maana yake mzunguko mmoja ni milimeta 5.08. Aliyefunga kadi mpya alikuwa ameandika 5, ambayo ni nambari ya kawaida katika skurubu nyingi za siku hizi. Kwa hiyo kadi ilitoa hatua 320 kwa kila milimeta, wakati zilizotakiwa ni 314.96. Kila milimeta moja ikawa 1.016, na milimeta 300 zikawa 304.8, ambayo ndiyo futi. Binti alikuwa amechora sawasawa tangu siku ya kwanza.

Kosa la namna hii lina alama yake: hukua kwa kadiri ya umbali. Ukienda mara mbili, nalo huwa mara mbili. Ukiliona, usishike spana. Tafuta nambari iliyoandikwa vibaya.

KUCHEZA

Nambari iliporekebishwa, wengi wetu tungalienda nyumbani. Binamu yangu alisema bado. Akaleta saa ya kupimia, kile kipimo chenye uso wa mviringo na mshale, akaiegemeza kwenye daraja. Akaipeleka mashine kulia, mshale ukafuata. Akaigeuza irudi kushoto, na mshale ukakaa kimya. Mota ilizunguka kwa kiasi cha milimeta 0.4 kabla daraja halijaanza kutembea.

Aliyewahi kuendesha gari kuukuu anaujua ugonjwa huu: usukani unacheza. Unaukata kidogo na magurudumu bado hayajapata habari. Alama ya kosa hili ni kwamba halikui kwa umbali. Hutokea pale mwendo unapobadili upande. Katika duara huacha vijigego vinne, pale mwendo unapogeuka.

Kadi za kisasa zinaweza kuagizwa ziongeze hatua chache kila mwendo unapogeuka ili kufidia nafasi hiyo. Binti hakutaka kuanzia huko. Kisu kikivutwa na ubao, daraja litahama ndani ya nafasi ile ile iliyolegea, na kompyuta haitajua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulifungua kifuniko mwisho wa skurubu, tukakuta nati inayoshikilia beringi imelegea. Ilipokazwa, mchezo ulishuka kutoka milimeta 0.4 hadi 0.08. Kiasi kilichosalia ni uchakavu wa nati ya skurubu yenyewe, na kwa milango ya makabati kinavumilika.

KUHAMA

Likabaki swali la alasiri. Kosa linaloongezeka kadiri kazi inavyoendelea si la hesabu wala la kucheza. Ni dalili kwamba mahali fulani hatua zinapotea. Binamu yangu alichora mstari mmoja wa penseli kupita juu ya shafti ya mota na kiungo kinachoishika skurubu. Jumatatu asubuhi wakakata ubao wa majaribio kwa saa moja, kisha wakaiagiza mashine irudi mahali pa kuanzia. Ilikosa kwa milimeta mbili, na mstari wa penseli ulikuwa umekatika vipande viwili visivyokutana.

Kiungo kilikuwa cha zamani, chenye tundu la inchi tatu juu ya nane, yaani milimeta 9.5 na ushei. Shafti ya mota mpya ilikuwa ya milimeta 8. Nafasi katikati ilikuwa imejazwa kipande cha bati! Mota ilipovuta kwa nguvu, shafti iliteleza. Fundi wa lethi wa mtaa wa pili alichonga kiungo kipya kabla ya adhuhuri.

Laiti mstari ungebaki mzima na mahali pakapotea, tungetafuta kwingine: mwendo wa kasi mno unaoishinda nguvu mota, au waya wa ishara uliolazwa pamoja na waya wa mota kubwa ya kisu ukachafuliwa na umeme wake.

Mwisho walikata mraba wa milimeta 600 na kupima pembe kwa pembe. Kila mlalo wapaswa kuwa milimeta 848.5; milalo ikitofautiana, daraja limekaa upande. Hiyo tofauti haikufika nusu milimeta.

Mjomba aliwaita wafanyakazi wote, akasema, "Binti huyu hakukosea kuchora. Sisi ndio tuliokosea kumsikiliza." Mzee fundi akaongeza neno lake: "Mwanangu, jembe lenyewe lilikuwa bovu. Ulikuwa na haki ya kulichagua." Milango 14 haikufufuka, ilikatwa ikawa migongo ya droo, na hasara aliibeba mjomba. Oda ilichelewa kwa wiki moja. Lakini binti yuko kazini, na mzee sasa humwita yeye kwanza kabla ya kuwasha mashine.

Ndugu msomaji, huenda huna mashine ya namna hii wala hutakuwa nayo. Lakini una cherehani inayokata uzi, saa inayochelewa, mtoto ambaye alama zake zimeshuka, bajeti isiyofika mwisho wa mwezi. Kabla ya kunyoosha kidole, chukua daftari uandike: je, kosa hili hukua kwa kadiri ya kazi? Hutokea pale tu jambo linapogeuka? Au huja kidogo kidogo kadiri siku inavyosonga? Rekebisha jambo moja, kisha upime tena kabla ya kugusa la pili, kwani ukigusa matatu kwa pamoja hutajua lipi lililoponya. Na kama yupo kijana pembeni anayeomba kazi isimame siku moja ili ipimwe, mpe siku hiyo.