Krismasi ya Mangi na theluji isiyoguswa



Ukitaka kujua kwamba Desemba imekolea Kariakoo, usiangalie kalenda. Angalia mafremu. Kuanzia tarehe 20 hivi milango ya chuma inaanza kushuka mmoja mmoja, na karatasi zinabandikwa: "Tumesafiri, tutarudi Januari." Huku kwetu Mchafukoge ni vivyo hivyo. Mangi akishafunga duka lake, hata kiberiti inabidi ukakitafute mtaa wa pili. Kwa walio mbali niseme tu kwamba Mangi ni chifu kwa Kichagga, na hapa Dar ndiyo jina la kila muuza duka la mtaani, maana wengi wametokea Kilimanjaro. Basi Desemba wanarudi kwao, mlimani.

Wazungu nao wana likizo yao ya mlimani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864, katika kijiji cha St. Moritz huko Uswisi, mwenye hoteli mmoja aitwaye Johannes Badrutt aliwawekea dau wageni wake Waingereza. Walikuwa wanakuja kiangazi tu. Akawaambia waje msimu wa baridi, na wasipofurahi atawalipia gharama za safari. Wakaja, na hawakuwa na haraka ya kuondoka. Kabla ya hapo theluji ilikuwa kero kwa wafugaji wa milima ya Alps. Baada ya hapo ikawa biashara, na leo watu wanavuka bahari kwenda kuiteleza.

Nilikuwa nayawaza hayo mwaka juzi Mangi wetu aliponiambia, "Mdogo wangu, kila siku unaandika habari za watu. Twende ukaone kwetu." Mimi mtoto wa mjini, baridi ninayoijua ni ya barafu za ukwaju. Nikaenda Mchikichini kutafuta koti. Jamaa walikuwa wamefungua belo la makoti ya Ulaya, yale mazito ambayo madereva wa bodaboda huyavaa alfajiri utadhani wanakwenda vitani. Nikapata moja la bluu. Kwenye zipu yake kilikuwa bado kinaning'inia kikaratasi cha kupandia lifti ya kwenye theluji, kimeandikwa Kijerumani. Koti lilikwisha kula likizo yake Alps kabla ya kunifikia mimi!

Safari ni ndefu. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Mwanga, kisha Himo, ndipo unapanda kwenda Marangu. Basi lilijaa watoto, maboksi na mabati ya kwenda kuezekea nyumba ya mzee. Tulifika usiku, ukungu umetanda. Mlima sikuuona.

Asubuhi nilitoka nje ya nyumba na kukuta migomba, kahawa chini yake, na makaburi ya babu zake Mangi palepale kihambani. Nikainua macho. Kibo ilikuwa wazi, nyeupe juu, kubwa kuliko nilivyotarajia. Nilinyamaza. Mama yake Mangi alikuwa ananitazama huku anamenya ndizi za mtori. Akasema, "Huo unaouona ni mdogo, baba. Nilipokuwa msichana weupe ulikuwa unashuka mpaka kule," akaonyesha kwa kisu.

Bibi yule hakukosea. Wataalamu waliopima barafu ya Kilimanjaro walikuta kilomita za mraba 11.4 mwaka 1912, na mwaka 2011 zilikuwa zimebaki 1.76. Yaani asilimia 85 imekwenda. Mwaka 2022 UNESCO walitoa ripoti kwamba barafu ya milima ya Afrika iliyo kwenye urithi wa dunia, Kilimanjaro ikiwemo, huenda ikaisha ifikapo 2050. Sababu si joto peke yake. Hewa ya huko juu imekuwa kavu, na theluji mpya ya kufidia inayopungua ni haba.

Ajabu ni kwamba weupe huu uliwahi kuonekana ni uongo. Mei 11, 1848, mmisionari wa Kijerumani Johannes Rebmann aliuona. Kiongozi wake wa njia aliuita "beredi", baridi tu basi, lakini Rebmann akajua ni theluji, maana kwao ipo. Alipoandika, mabingwa wa jiografia huko London wakabisha kwa miaka. Itakuwa kazi kweli siku wajukuu watakapobisha tena, safari hii kwa sababu haipo.

Siku ya pili baada ya Krismasi nikawashawishi tupande. Tulikuwa Mangi, wanawe wawili waliozaliwa Tabata, mimi na kiongozi. Mangi ana miaka 50 na ushee, na hakuwahi kupita geti la hifadhi, ingawa ada ya Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya anayolipa mgeni kwa dola. "Kule ni kwa wageni," alikuwa anasema siku zote. Tulitembea msituni saa tatu mpaka Mandara, mita 2,700, tukasogea kreta ya Maundi. Kibo ilikuwa mbele yetu, bado mbali sana. Mangi alivua kofia. Hakusema kitu.

Wakati wa kushuka tukapishana na wapagazi wanatoka kileleni, mizigo kichwani. Mmoja alikuwa na koti kama langu. Nikamuuliza theluji ikoje. "Ni kazi, kaka," akacheka, akapita. Nikakumbuka kwamba hata Kariakoo ilipata jina lake kwa wapagazi, wale wa Vita Kuu ya Kwanza. Sisi wenye theluji tunaigusa tukiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani.

Barafu ikiisha, maji hayatakauka kwa sababu hiyo. Mito ya Kilimanjaro inalishwa zaidi na mvua ya msituni, kwa hiyo msitu ndio wa kulindwa kwanza. Wachagga nao wataendelea kurudi, maana wanarudi kwa wazazi na makaburi. Kitakachopotea ni ule weupe unaowapokea alfajiri na kuwaambia wamefika nyumbani.

Kwa hiyo, wadau, mwenye mtoto ampeleke. Hata hadi Mandara tu. Mimi nimeanza kuweka akiba ya kupanda mpaka juu, mita 5,895, nikaiguse kwa mkono, mgongoni nikiwa na begi langu mwenyewe.